Miguu Chini ya Kitenge

Enelesi Kamphata alizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba. Mtoto akinyamaza, anaogopa ameingiza haragwe puani. Mtoto akilia, anaogopa ni siafu. Mtoto akicheka peke yake, hapo ndipo anapouacha mwiko ndani ya uji na kutimua mbio, maana mtoto wa miaka mitatu anayecheka peke yake ana jambo lake. Wifi yake Zelifa, ambaye hupika naye uji wa watoto na haogopi kitu duniani isipokuwa kazi, humwambia, "Wewe wifi, siku ukifa watakuta moyo wako umeshatangulia makaburini kukagua shimo."

Lakini ni wasiwasi huo huo uliojenga chekechea pale kijijini Kanyenjere. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mtoto wa jirani alitoka nyumbani wakati mama yake yuko kwenye tumbaku, akaenda kutazama vyura kwenye shimo la matofali. Walimtoa jioni. Enelesi hakusema mengi pale msibani. Matanga yalipoisha alisafisha bani bovu la kukaushia tumbaku, akatandika magunia, akapita nyumba kwa nyumba na kauli moja tu: "Mkienda shamba, nileteeni. Na kopo la unga." Watu wakaleta, kwanza unga, halafu watoto. Hakuna aliyemlipa, na yeye hakuuliza. Akilala usiku, alikuwa anajua mashimo yote ya matofali yako wapi na watoto wote wako wapi, na kwamba viwili hivyo havikukutana.

Vitu vya kuchezea havikuwepo. Palikuwa na vizibo vya soda, maboksi ya maziwa, mpira wa mifuko ya nailoni, na kitenge cha Enelesi mwenyewe. Na watoto wa umri ule hawachezi pamoja, jamani, tusidanganyane. Wanacheza karibu karibu, kila mmoja na ufalme wake, na vita huzuka mipakani. Enelesi ilimbidi abuni. Akabuni mchezo wa treni, kila mmoja anashika shati la mwenzake wanazunguka bani mpaka wa nyuma anamkanyaga wa mbele. Akabuni mvua, wote wanagonga vidole kwenye magunia, kwanza manyunyu, kisha radi. Na siku moja, akitafuta la kufanya na watoto waliokuwa wanang'atana, akamfunika mmoja kwa kitenge, akaacha miguu tu nje, akaimba: "Miguu ya nani hii? Ya nani, ya nani?"

Wakaacha kung'atana. Wakainama, wakaitazama ile miguu kama waganga wanaopiga ramli. "Yankho!" mmoja akapiga kelele. Kitenge kikafunuliwa, na kweli, alikuwa Yankho, anacheka mpaka kamasi zinatoka.

Kuanzia siku hiyo hawakutaka mchezo mwingine. Na aliyeupenda kuliko wote alikuwa Tiyanjane, binti wa Jailosi. Huyu mtoto alikuwa ameletwa bila neno. Kiangazi kizima alikaa pembeni ya gunia, hacheki, halii, hasemi, mpaka mama yake akaanza kumpeleka kuombewa. Basi asubuhi moja, miguu iko nje ya kitenge, watoto wanabahatisha hovyo, ikatoka sauti nyembamba pembeni: "Ulemu." Wote wakageuka. Kitenge kikafunuliwa. Ulemu! Enelesi alienda nyuma ya bani akalia akiwa ameshika mwiko.

Baada ya hapo Tiyanjane hakukosea hata mara moja. Alijua miguu ya kila mtu. Akina mama wakija kuchukua watoto jioni, na wao wakawa wanafunikwa, wanatajwa, watu wanacheka. Jailosi, baba yake, alikuja siku moja na baiskeli yake ya kabaza, maana kazi yake ni kubeba abiria, wakamfunika naye. Sasa Jailosi ana kidole gumba cha mguu wa kulia kilichowahi kuingia kwenye mnyororo wa baiskeli, na tangu siku hiyo vidole vyote vinaelekea mbele, hicho kimoja kinaelekea Zambia. Kitenge hakijatulia vizuri, Tiyanjane ameshamwita baba yake kwa kelele: "Bambo!"

Walicheka siku hiyo. Enelesi ndiye aliyecheka zaidi.

Kicheko kilikoma siku chifu alipotangaza kwamba bani la watoto limepata mabati mapya, wageni watakuja kutoka bomani kulifungua Jumamosi, watoto wataonyesha michezo yao, halafu gule mkubwa, ngoma ya vinyago, utachezwa, na Kapoli, mmoja wa wanyama wake, atatoka. "Na watoto," alisema chifu, amefurahi kweli, "watakaa mbele kabisa, chini, waone vizuri."

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Wanyama wa gule wanatoka makaburini. Si watu. Hilo kila mtu Kanyenjere analijua, na wanawake ndio wanaolijua zaidi. Ni kweli kwamba siku za ngoma wanaume wengi hupotelewa na mbuzi, wakatoka alfajiri kuwatafuta, na jioni wakarudi hoi, tope masikioni, bila mbuzi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuuliza ni mbuzi gani. Mmoja wa kijiji cha ng'ambo alisahau, akaona mwendo anaoujua, akatamka jina katikati ya ngoma. Sasa hivi anaishi kwa dada yake, huko mjini Salima, anauza samaki wakavu, na watoto wake wanalelewa na wengine.

Na Kapoli huja mwili umepakwa udongo, manyoya kichwani, uso umefunikwa. Miguu iko peku.

Enelesi alirudi bani akiwa hasikii anachoambiwa. Zelifa alikuwa anakoroga uji.

"Wifi, tumekwisha."

"Uji umeungua? Mbona nakoroga!"

"Tiyanjane."

"Tiyanjane ameungua?"

"Atakaa mbele, wifi. Chini. Atatazama miguu."

Mwiko ukasimama. Zelifa, ambaye hata kanisani huongea, alinyamaza mpaka uji ukaanza kutoa mapovu. Kisha akasema polepole, "Mimi sijui unazungumzia nini."

"Hata mimi sijui."

"Vizuri. Basi sasa, tukiwa wote hatujui, tufanyeje?"

Hilo ndilo lililomnyima Enelesi usingizi. Mtoto akitaja jina, hatashtakiwa mtoto. Ataulizwa nani kamfundisha kusoma miguu. Na Mzee Kasakula, anayesimamia mambo ya gule, hakuwahi kulipenda lile bani. "Mnawakusanya watoto wadogo mnawafundisha nini?" alikuwa akiuliza kila akipita, ananusa ugoro. "Mtoto anafundishwa na nyumba yake." Angepata sababu, bani lingefungwa kesho yake, mabati mapya na yote. Tumbaku isingengoja. Akina mama wangeenda shamba, watoto wangebaki uani, na mvua zikianza mashimo yangejaa.

Kwanza alificha kitenge. Watoto wakatumia gunia. Akaficha magunia. Wakatumia ungo. Akauchukua ungo, wakaenda kumfunika mbwa wa chifu kwa sweta la Yankho, na Tiyanjane akamtaja mbwa kwa jina.

Akaenda kwa Mama Tiya, mke wa Jailosi, kwa nia ya kusema mtoto apumzike nyumbani Jumamosi, anaonekana ana homa. Akamkuta anashona gauni kutoka kwenye pazia.

"Mama Enelesi!" yule mama akaruka, sindano mdomoni. "Njoo uone. Hili la Jumamosi. Mwanangu mimi, aliyeitwa bubu na ukoo mzima wa mume wangu, aseme mbele ya wageni wa bomani! Wakwe zangu nimewaalika wote. Nataka wamsikie kwa masikio yao."

Enelesi akalisifia gauni, akaondoka.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Alimkuta Jailosi njiani anapiga pampu tairi.

"Baba Tiya, shikamoo ya baiskeli."

"Marahaba ya abiria. Unapanda?"

"Sipandi. Nimekuja kuulizia hicho kidole. Hakikusumbui?"

"Kidole kipi?"

"Hicho kilichohama nchi."

Jailosi akakitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Kimezoea."

"Mimi nasema tu. Jumamosi kutakuwa na vumbi. Mtu mwenye kidole kama hicho, akikaa kwake, au akavaa kitu mguuni..."

"Jumamosi sipo, mama."

"Hupo?"

"Mbuzi wangu amepotea."

"Baba Tiya, wewe huna mbuzi."

Sentensi hiyo ilitoka yenyewe. Enelesi aliisikia ikiwa imeshafika. Jailosi akaacha kupiga pampu. Walitazamana kidogo, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kutazama, yeye tairi, Enelesi mawingu.

"Ndiyo sababu inabidi nimtafute sana," alisema Jailosi, akaendelea kupiga pampu.

Enelesi alirudi nyumbani. Amesema kidogo mno au amesema kupita kiasi? Alikaa na swali hilo jikoni mpaka mboga ikakauka.

Ni asubuhi iliyofuata, watoto wakiwa wamelala baada ya uji, ndipo alipoona. Wakilala wako kama mawe. Hawana jina la mtu. Mchezo huwezi kumnyang'anya mtoto, hilo ameshaliona kwa mbwa wa chifu. Lakini labda unaweza kuuwekea mwingine juu yake.

"Leo tunacheza mawe!" aliwaambia walipoamka. "Nikisema 'mawe', kila mtu ni jiwe. Jiwe linasema?"

"Ndiyooo!" wakajibu wote.

"Halisemi! Jiwe halisemi, halikimbii, haliombi maji. Mpaka niseme 'amkeni'. Anayesema ametoka. Haya, mawe!"

Wakaganda muda wa kupiga chafya. "Mimi ni jiwe," alisema Yankho.

"Jiwe halisemi, Yankho."

"Mimi ni jiwe nimenyamaza."

Wakaanza upya. Wakaanza upya tena. Zelifa akasema huku anafuta machozi ya kicheko kwamba ni rahisi kufundisha mawe yenyewe kuwa watoto. Ila siku ya pili wakakaa zaidi, na siku ya tatu Enelesi aliweza kupita katikati yao anapiga sufuria na wengi wakabaki wameduwaa, mashavu yamejaa pumzi.

Aliyekuwa hodari kuliko wote ni Tiyanjane. Alirudi kwenye ule ukimya wake kama mtu anayerudi nyumba aliyokuwa akiishi. Uso ukazima. Macho yakabaki. Enelesi alimtazama. Mwaka mzima nilikuwa namtoa humo, alijisemea. Leo namrudisha kwa mikono yangu.

Jumamosi ikafika na upepo wa vumbi. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mabati mapya, afisa mmoja mama wa makamo akiwa na simu tayari ya kupiga picha. Mama Tiya alikuwa katikati ya wakwe, amenyoosha shingo. Watoto wakacheza treni, ikaanguka kama kawaida. Wakacheza mvua, wageni wakapiga makofi. Jailosi hakuwepo. Enelesi alitazama kila upande, akatamani amwone amesimama mahali, amekunja mikono, mvivu wa kawaida. Hakuwepo.

Ngoma zikabadilika. Wanawake wakaanza kuimba, na Enelesi akaimba nao, mdomo mkavu kama gunia. Watoto wakubwa waliokuwa juu ya kichuguu wakapiga yowe na kutawanyika, kama inavyotakiwa. Kapoli ametoka.

Alikuja mbio, viboko mkononi, manyoya yanatetemeka, udongo umempasuka mgongoni. Akafukuza kundi hili, akafukuza lile, watu wakicheka na kukimbia. Kisha akageukia mbele, pale chini, kwenye magunia.

"Mawe," alisema Enelesi.

Watoto wakaganda.

Sasa Kapoli alikuwa amezoea kukimbiwa. Akapiga viboko hewani. Hakuna aliyesogea. Akanguruma. Safu nzima ya watoto wadogo ikamtazama, mashavu yamejaa pumzi, kama madafu yaliyopangwa sokoni. Mzee Kasakula, aliyekuwa anapeleka ugoro puani, mkono ukabaki njiani. Yule afisa akamnong'oneza chifu, "Watoto wenu hawa ni majasiri!" na chifu akatabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo, maana hakujua kama hiyo ilikuwa sifa.

"Mimi ni ji..." Yankho akaanza. Zelifa, aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake, akamziba mdomo kwa kiganja kizima. Chini ya Ulemu maji ya uvuguvugu yalikuwa yanatafuta njia kwenye gunia.

Kapoli akasogea. Akapiga hatua za ngoma, vumbi likaruka, na mguu wa kulia ukatua mbele ya Tiyanjane, karibu kabisa na gauni la pazia. Ulikuwa umepakwa udongo wote. Lakini udongo hufunika rangi tu. Kidole kilielekea kule kule.

Tiyanjane akainamisha kichwa. Enelesi alimwona anaitazama ile miguu kwa makini yake yote, na aliona pale alipojua. Midomo ikakutana, ikajiandaa kwa herufi ya kwanza ya neno. Enelesi akaacha kuimba. Kilichomjia akilini ni shimo la matofali, maji yake ya kahawia, vyura.

Mtoto akanyoosha mkono. Akakishika kile kidole. Hakukivuta, alikishika tu, kama mtu anayeweka kidole kwenye picha ya ndugu yake. Kisha akageuka akamtafuta Enelesi kwa macho, akafunga mdomo kwa nguvu mpaka kidevu kikakunjamana.

Kapoli akasimama. Ngoma zikaendelea kidogo bila yeye, moja ikaacha, nyingine ikafuata. Viboko vilikuwa bado juu. Halafu akarudi nyuma hatua moja, taratibu, akihakikisha hakanyagi vidole vya mtoto, akageuka, akatimua mbio kuelekea makaburini. Wanawake wakapaza wimbo kuziba pengo. Enelesi naye akaimba, hata hajui anaimba nini.

Mzee Kasakula alikuja wageni walipokwenda kunywa togwa. Alisimama mbele ya Enelesi, na Enelesi akapiga magoti.

"Mtoto amemgusa mnyama."

"Amemgusa, bambo."

"Kwa nini hawakukimbia?"

"Walikuwa mawe, bambo. Ni mchezo. Jiwe halikimbii. Wala halisemi."

"Halisemi." Mzee alilitafuna neno hilo. "Na kabla hajawa jiwe, yule mtoto, alikuwa na la kusema?"

"Mimi sijui, bambo."

"Hujui."

"Sijui kabisa."

Mzee alimtazama, na Enelesi akatazama ardhi, ambapo palikuwa na alama za nyayo za watu wengi, moja kidole chake kikielekea pembeni. Mzee naye akazitazama. Akazifuta kwa kandambili, moja moja.

"Kuku," alisema. "Kwa kugusa. Atoe mwenye mchezo. Na ule mwingine, wa kufunikana, nimesikia upo."

"Upo, bambo."

"Usiwepo."

"Na bani?"

"Nani ametaja bani?" Akaenda zake kwenye togwa.

Zelifa akatoka nyuma ya nguzo. "Kuku mmoja! Wifi, mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo ya kwenda Salima." Alicheka mpaka akashika ukuta. Enelesi hakucheka. Alikuwa anahesabu vichwa. Yankho yuko kwenye togwa. Ulemu anabadilishwa suruali. Wote wameshaacha kuwa mawe zamani, hakuna aliyewaambia.

Mmoja alikuwa bado kwenye gunia, mikono mapajani, mashavu yamejaa.

Enelesi akakimbia, akachuchumaa. "Tiya. Tiya wangu, amka. Amka, imekwisha."

Pumzi ikatoka yote kwa pamoja. "Nimeshinda?"

"Umeshinda. Umewashinda wote."

"Sasa niseme?"

Mzee Kasakula alikuwa hapo karibu, kikombe cha togwa mkononi. Wakwe nao walikuwa wanakuja. Enelesi akainamisha sikio. "Sema humu ndani."

Mtoto akaweka mdomo sikioni, akasema. Neno moja, la moto, lina harufu ya uji. Enelesi alifumba macho. Alikuwa anaweza kusema hapana, umekosea. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini mtoto huyu alianza kusema kwa sababu siku moja alipatia.

"Umepata," alinong'ona. "Ila hilo ni letu, mimi na wewe. Ukimwambia mwingine, tumetoka wote wawili."

Tiyanjane akamfikiria mama yake. "Na mayi?"

"Mayi anaujua huu mchezo siku nyingi. Naye hasemi."

Mama Tiya akafika, akamnyanyua binti yake, anamfuta vumbi mbele ya wakwe. "Haya mwanangu, waambie bibi zako! Umemwona mnyama? Alikuwaje?"

Wakwe wakainama, wakasubiri. Tiyanjane akamtazama Enelesi. Kisha akajaza mashavu pumzi, akatikisa kichwa.

"Sema basi."

Mashavu yakabaki yamejaa.

"Si nilisema," mkwe mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti.

Mama Tiya akamgeukia Enelesi, na furaha yote ya asubuhi imemtoka usoni. "Mlimfanya nini? Mama Enelesi, mtoto alikuwa anasema. Mmemfanya nini tena?"

Enelesi alikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi, la maneno machache, na halikuwa na njia ya kutoka.

"Atasema, Mama Tiya. Nileteeni Jumatatu. Atasema tu."

Yule mama akavua kanga begani. Akamfunga mtoto mgongoni, gauni la pazia na yote, wakashika njia ya nyumbani wakwe wakiwa nyuma. Enelesi akaanza kuosha vikombe, sikio liko njiani. Aliyasikia malalamiko ya wakwe, akasikia kandambili zao, akaendelea kusikiliza mpaka walipokata kona ya mabani ya chini. Sauti ya mtoto hakuisikia.